‘Lakini’ ya mjomba na haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa

Mnamo 1986, nikiwa mwalimu mchanga wa shule ya upili, nilimsindikiza mjomba wangu kortini. Alikuwa ameshtakiwa kwa kukata miti miwili iliyokuwa mpakani mwa shamba lake na la jirani. Shtaka lenyewe lilikuwa limeandikwa kwa Kiingereza kizito: kuharibu mali ya mtu mwingine kwa makusudi na kinyume cha sheria. Karani wa korti, kijana asiyejua Kitaita, alimfasiria kwa Kiswahili cha mbio: “Unashtakiwa ya kwamba ulikata miti ya jirani. Ni kweli ama si kweli?” Mjomba, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, akajibu kwa heshima: “Ni kweli, lakini...”

Hakumaliza. Karani alikuwa amekwisha kumgeukia hakimu, na hakimu alikuwa amekwisha kuandika maneno matatu ya Kiingereza yenye maana ya “ni kweli”. Maelezo ya polisi yakasomwa. Mjomba akaulizwa, “Umesikia?” Akajibu, “Nimesikia.” Hilo nalo likahesabiwa kuwa amekubali. Tulichanga faini siku hiyo hiyo ili asilale ndani. Njiani kurudi nyumbani aliniuliza swali moja tu: “Mpwa wangu, mbona hawakuningoja nimalize?”

Alichotaka kusema ni kwamba miti ile ilipandwa na babake, na kwa hivyo aliamini ni yake. Huo si udhuru wa mzee mkaidi. Sheria ya jinai ya Kenya humtambua mtu aliyetenda jambo kuhusu mali akiamini kwa dhati kwamba ana haki nayo. Ni utetezi kamili. Utetezi wote wa mjomba ulikuwa umebebwa na kiunganishi kimoja, na kiunganishi hicho hakikuandikwa. Isitoshe, aliyekiri kosa haruhusiwi kukata rufaa kupinga hatia yake, ila tu uzito au uhalali wa adhabu. Mlango ukawa umefungwa.

Sisi wanaisimu hupenda kuwaambia wanafunzi kwamba “kusikia” kwa Kiswahili kuna tabaka kadhaa za maana: sauti kukufikia, kuelewa, na hata kutii, kama mzazi anaposema “huyu mtoto hasikii”. Kukubali kwamba jambo ulilosikia ni kweli hakumo kabisa. Darasani huo ni mfano mzuri wa semantiki. Kizimbani, mtu anaweza kufungwa kwa sababu yake.

Je, katiba ya wakati ule ilikuwa imenyamaza? La hasha. Katiba ya uhuru ya 1963, iliyojadiliwa katika mikutano ya Lancaster House jijini London na kuandikwa kwa Kiingereza, ilikuwa na sura nzima ya haki za kimsingi. Humo mlikuwa na haki ya aliyekamatwa kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, na ya mshtakiwa kupata mkalimani bila malipo. Haki hizo zilidumu hata katiba ilipofanyiwa marekebisho mengi ya kumwongezea rais mamlaka. Tena mnamo 1973 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, iliweka utaratibu wa wazi: shtaka na viambajengo vyake vyote vielezwe kwa lugha ya mshtakiwa ama lugha anayoielewa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kadiri inavyowezekana, na baada ya ushahidi kuelezwa, apewe nafasi ya kupinga au kuongeza neno. Akiongeza jambo linalotia shaka, iandikwe kwamba amekana.

Kwa maneno mengine, ‘lakini’ ya mjomba ilikuwa na ulinzi wa sheria miaka kumi na mitatu kabla haijatamkwa.

Huo ndio mkanganyiko unaonisumbua. Haki za lugha hapa kwetu zimezoea kutangazwa juu bila kufika chini. Mnamo Julai 1974 Mzee Jomo Kenyatta alitangaza kwamba Bunge litaendesha shughuli zake kwa Kiswahili. Wabunge walihangaika, wengine wakachekesha, lakini walizungumza. Hata hivyo, miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, na kufikia 1979 Kiingereza kilikuwa kimerejeshwa rasmi katika mijadala. Kortini nako, Sheria ya Utaratibu wa Jinai imesema kwa miaka mingi kwamba lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza ama Kiswahili. Hilo neno ‘ama’ lina mengi. Hakimu anaweza kuzungumza Kiswahili asubuhi nzima, ilhali kalamu yake inaandika Kiingereza.

Ikaja Katiba ya 2010, tuliyoipigia kura tarehe 4 Agosti na kuzinduliwa Uhuru Park tarehe 27. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 49 kinamtaka anayekukamata akueleze mara moja, kwa lugha unayoielewa, sababu ya kukukamata na haki yako ya kunyamaza. Cha 50 kinarudia haki ya mkalimani, na cha 25 kinaiweka haki ya kusikilizwa bila mapendeleo miongoni mwa zile chache zisizoweza kupunguzwa kwa hali yoyote. Upande wa wajibu, Kifungu cha 3 kinamtaka kila mtu aiheshimu, aifuate na kuitetea Katiba.

Kisha, huko mwishoni, Kifungu cha 259 kinasema matoleo ya lugha mbalimbali yakigongana, la Kiingereza ndilo litakalotawala. Naelewa hoja ya wanasheria. Sharti pawe na neno la mwisho. Afrika Kusini nao wamefanya hivyo. Lakini wenzetu wa Tanzania wana katiba ya Kiswahili tangu 1977, na mnamo 2021 walikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Basi tusidai kwamba lugha yenyewe haiwezi. Katiba ni neno la mzizi mmoja na kitabu, katibu na maktaba: kilichoandikwa. Nani anaandika, na kwa lugha gani, ni swali lililomo katika neno lenyewe. Nami najiuliza mtu ataitetea vipi nakala ambayo hawezi kuisoma.

Miezi michache baada ya uzinduzi nilimpelekea mjomba nakala ya Kiswahili. Macho yalikuwa yamefifia, kwa hiyo nikamsomea. Tulipofika Kifungu cha 50 aliinua mkono. “Sasa ile ‘lakini’ yangu wangeiandika?” Nikamwambia ukweli, kwamba hata mwaka ule wa 1986 walitakiwa kuiandika.

Alinyamaza kwa muda. “Na wewe ulijua?”

Sikujua. Nilikuwa na shahada ya Kiswahili, nilikuwa nimeketi nyuma yake kwenye benchi, na sikujua. Akaniomba nisome tena pale pa mkalimani, polepole.