Zebaki: kiini chake kinabadilisha umbo, na leza njo ilifichua siri

Zebaki inajulikana sana mashariki mwa Kongo. Ni ile maji-maji ya rangi ya feza ambayo wachimbaji wanatumia kwa kukamata dhahabu. Lakini kwa wanasayansi wa Ulaya ilileta swali lingine kabisa, lililochukua zaidi ya miaka 40: kwa nini kiini cha atomu yake kinabadilisha umbo ghafla?

Kiini ni nini?

Kila atomu iko na kiini katikati, na elektroni zinazokizunguka. Kiini cha zebaki kina protoni 80, siku zote. Hesabu ya nyutroni njo inabadilika, kwa hiyo kuna aina nyingi za zebaki. Kila aina inaitwa kwa jumla ya protoni na nyutroni zake: zebaki 185 iko na protoni 80 na nyutroni 105. Ardhini kunapatikana aina saba, zote imara. Zingine zinatengenezwa maabara na hazidumu.

Leza inapimaje?

Hakuna darubini inayoweza kuonyesha umbo la kiini. Lakini elektroni zinakubali mwanga wa rangi fulani tu, na kiini kikiongezeka ukubwa, ile rangi inasogea kidogo sana. Leza inatoa rangi moja safi, inayoweza kubadilishwa polepole. Ikifika kwenye rangi yenyewe, elektroni inaruka. Leza zingine zinaisukuma mpaka inatoka inje ya atomu. Hapo atomu inakuwa na chaji ya umeme, inakamatwa na kuhesabiwa.

Mshangao wa 1972

Kazi hii inafanyika ISOLDE, maabara ya CERN karibu na Geneva, Uswisi. Mwaka wa 1972, watafiti walipima kwa mwanga wa taa, bila leza. Walitarajia kwamba nyutroni zikipungua, kiini kitapungua polepole. Kumbe kwenye zebaki 185 na 183 kilipanuka ghafla: kilikuwa kimerefuka kama papai. Baadaye leza zilionyesha kwamba zebaki 184 na 182 ziko karibu na mviringo. Nyutroni moja tu inatosha kugeuza umbo!

Jibu la 2018

Ilibaki kujua mwisho uko wapi. Kwa kupata aina nyepesi zaidi, protoni zenye mbio kali zilipigwa kwenye madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Atomu zilizotoka zilikuwa chache mno, na zebaki 177 haimalizi hata sekunde moja. Hata hivyo leza zilizipima. Matokeo ya 2018 yalionyesha kwamba zebaki 181 ni ya mwisho kurefuka. Kutoka 180 mpaka 177 viini vinarudi karibu na mviringo. Hesabu za kompyuta kubwa ya Japani zilieleza sababu: yale maumbo mawili yanahitaji nguvu karibu sawa, kama mizani iliyo sawasawa, na nyutroni moja inaiangusha upande huu ao ule.

Na zebaki ya machimboni?

Ile ni ya aina saba imara, haitoi mionzi. Lakini sumu yake haitegemei umbo la kiini. Inatokana na elektroni, ambazo ni 80 kwa kila aina. Kwa hiyo moshi wa zebaki inayochomwa pamoja na dhahabu unabaki hatari kwa anayechoma, na kwa watoto walio karibu.