Ngazi ya Muziki na Vidato Vyake

Anayeanza kujifunza piano hukutana na neno skeli kabla hajapiga wimbo hata mmoja. Mwalimu humwonyesha kibonye cheupe kilicho kushoto mwa vibonye viwili vyeusi, humwambia kuwa hiyo ni C, kisha humtaka apande vyeupe mfululizo mpaka aikute C nyingine. Vibonye vinane vimeshapigwa, na skeli ya kwanza imekamilika.

Neno lenyewe lina utata. Mwanafunzi amekwisha kulisikia kwenye jiografia, katika skeli ya ramani. Wafasiri wenye haraka nao huandika mizani, kwa kuwa Kiingereza kina jina moja kwa chombo cha kupimia uzito na kwa mpangilio huu wa sauti. Mizani haifai kabisa hapa. Washairi wameshaichukua kwa hesabu ya silabi: mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nane ukwapi na nane utao. Mtunzi wa taarabu akitajiwa mizani ya C ataanza kuhesabu silabi.

Neno linalofaa ni ngazi. Jina la Ulaya limetokana na scala ya Kilatini na Kiitaliano, yaani ngazi hiyohiyo ya kupandia. Waarabu husema sullam, ngazi. Wajerumani husema Tonleiter, ngazi ya sauti. Kiswahili hakihitaji kukopa sauti ya neno wakati maana yake ipo nyumbani.

Tena ngazi huja na vidato, na hapo ndipo somo lilipo. Mkwezi huchonga vidato kwenye mnazi, na si lazima vyote viachane kwa kimo kimoja. Ngazi ya meja, kama hii ya C, iko hivyo. Kutoka C kwenda D kuna kibonye cheusi katikati kinachorukwa: hicho ni kidato kizima. Kati ya E na F hakuna cheusi: ni nusu kidato. Ukipanda kutoka C hadi C unapata kizima, kizima, nusu, kizima, kizima, kizima, nusu. Mpangilio huo ndio unaoifanya ngazi isikike kama do re mi, si weupe wa vibonye. Anza kwenye G ukibaki na vyeupe vitupu, na karibu na kilele sikio litakataa. F lazima ikwezwe hadi cheusi kinachofuata, ndipo vidato virudi mahali pake. Anayekariri vibonye bila kujua vidato hukwama hapohapo.

Vidole navyo vina hesabu yake, maana ni vitano na sauti ni nane. Mkono wa kulia huanza na gumba kwenye C, shahada kwenye D, cha kati kwenye E. Kisha gumba hupita chini ya kidole cha kati na kutua kwenye F, na vidole vyote vitano humalizia F, G, A, B, C. Wengi wanaoanza huinua kiwiko gumba linapopita, na sauti ya F hutoka kwa kishindo. Dawa yake ni kupiga polepole, gumba lianze safari mapema, tangu shahada ikiwa bado kwenye D.

Ngazi ikishazoeleka, kodi, yaani sauti zinazopigwa kwa pamoja, hujitokeza zenyewe. Shika C, ruka D, shika E, ruka F, shika G: hiyo ni kodi ya C. Neno hili limegongana na kodi ya serikali na ya nyumba, lakini wapiga vinanda wa kwaya hulitumia kila siku bila kutatizika, na hakuna sababu ya kuwanyang'anya. Kodi za C, F na G zikijumlishwa zina sauti zote saba za ngazi ya C, ndiyo maana mwanafunzi mwenye kodi hizo tatu anaweza kusindikiza nyimbo nyingi za kanisani. Ukiishusha E ya katikati nusu kidato, kodi ya C hugeuka kuwa maina na huzuni huingia papo hapo.

Neno ngazi lina faida nyingine, hasa kwa msikilizaji wa Unguja au Mombasa: halifungwi na piano. Maqamu za taarabu nazo ni ngazi, na katika maqamu ya rasti sauti ya tatu hukaa kati ya maina na meja, takriban robo ya kidato chini ya ile ya meja. Mpiga fidla huifikia kwa kusogeza kidole kiasi kidogo tu kwenye uzi. Kwenye piano, sauti hiyo iko kwenye ufa kati ya kibonye cheusi na cheupe, mahali ambapo kidole hakina cha kubonyeza.