Pijo ya Marehemu: Irudi Ilivyokuwa au Igeuzwe?

Ukitaja gari la kale mitaani kwetu Pwani, wengi huiwaza Peugeot 504, ile tuliyoizoea kwa jina la Pijo. Ilitoka Ufaransa mwaka 1968, umbo lake likachorwa na Pininfarina wa Italia, na ikawa Gari la Mwaka la Ulaya kwa 1969. Kenya iliiunganisha kwa miaka mingi. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, ingawa ile ya 1978 ilikuwa kupe ya injini ya V6, si hii ya baba zetu. Na ile ndefu ya safu tatu za viti ndiyo iliyobeba abiria wa safari za mbali kabla ya zama za Nissan.

Zilizobaki sasa nyingi zimelala chini ya miembe, wenyewe washatangulia mbele ya haki. Vijana wa nyumba wanabishana: irudishwe kama ilivyotoka kiwandani, ama itiwe injini ya Toyota, rimu pana na rangi ya kumeremeta?

Kuna kipimo cha kimataifa. FIVA, shirikisho la magari ya kale lililoanzishwa 1966, hulihesabu gari kuwa la kihistoria likitimiza miaka 30, likatunzwa katika hali yake sahihi, na lisiwe la kwendea kazini kila siku. Hati yake ya Turin haikatazi mabadiliko. Inataka yawe ya staha, yaweze kuondolewa ikiwezekana, na vifaa muhimu vya asili vikae pamoja na gari.

Hilo la kuondoleka ndilo ninalolishika mimi. Ukitoa platini ukaweka mfumo wa elektroniki wa kuwashia, ukatia redio mpya au mikanda ya viti, kesho mjukuu ataweza kurudisha vya zamani kwa spana tu. Injini ya Toyota ni habari nyingine. Propela shafti ya 504 haiko wazi kama ya magari mengi. Imo ndani ya bomba la chuma linalofunga giaboksi na difu kuwa kitu kimoja. Ukibadilisha giaboksi, bomba hilo halina pa kushika, basi difu nalo hufuata, vishikizo vya injini vinakatwa, sakafu inagongwa. Kilichoanza kwa injini ya bei nafuu kinaishia kwa gari lisilo Peugeot wala Toyota.

Wala usidhani kurudisha ni kazi ya injini. Kwetu adui ni chumvi ya bahari. Kutu huanzia chini ya milango, sakafuni na kwenye matao ya magurudumu, na kwa kuwa 504 haina chesi ya pekee, bodi ndiyo uti wake wa mgongo. Fundi mwaminifu hukata bati lililooza na kuchomelea jipya. Mwengine hujaza filla, akapuliza rangi, ikapendeza hadi masika ya pili. Ukienda kununua, chukua sumaku uifunge kitambaa uipitishe kwenye bodi. Isiposhika, hapo pana filla.

Spea za injini bado hupatikana kwa kutafuta. Vioo, bampa na mabati ya bodi ndiyo mtihani. Kuagiza nzima kutoka Ufaransa si njia pia: usukani uko kushoto, na kwa kawaida gari lililotumika likipita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza haliingii Kenya. Kila moja tunayoikata hapa haina badala.

Lakini sitaki tuwe wakali kupita kiasi. Pikapu inayobeba madafu kila siku haidaiwi kabureta ya asili. Na gamba lililooza, lisilo na injini, akilichukua kijana akaligeuza atakavyo, amelinusuru na tanuri la vyuma kuukuu, mimi nitampongeza. Ninayemlaumu ni yule mwenye gari zima, namba ya injini ingali sawa na ya logbuku, akaanza na msumeno.

Logbuku yenyewe ina lake. Injini au rangi ikibadilika sharti iandikishwe upya, la sivyo siku ya ajali bima itakuuliza maswali usiyo na majibu. Na kama mzee aliacha warithi watano, gari ni la watano hao hadi mirathi igawanywe. Nimeona ndugu wakinuniana kwa sababu mmoja alikata paa kabla ya kumuuliza dada yake aliyeko Muskat.

Kwa hivyo kikao cha familia kitangulie fundi. Kisha lipigwe picha kila upande, hata chini. Kila kinachofunguliwa kitiwe mfukoni na kuandikwa jina, na injini ya zamani ikitolewa, isiuzwe kwa kilo.