Matofali na Shaba: Majengo ya Katikati ya Lubumbashi

Komini ya Lubumbashi ndiyo sehemu ya kwanza ya mji wa jina hilohilo kupimwa viwanja. Mwaka 1910 Emile Wangermée, mkuu wa utawala wa Wabelgiji katika Katanga, alichagua uwanda ulio karibu na mto Lubumbashi ili uwe makao ya serikali, na mji ukaitwa Élisabethville, kwa jina la Elisabeth, malkia wa Ubelgiji. Mwaka huohuo reli iliyokuwa ikipanda kutoka Afrika Kusini kupitia Rhodesia ilifika. Barabara zilinyooshwa na kukatana kama mistari ya ubao wa drafti, kwa mfano wa Bulawayo, mji wa Rhodesia, na kwa miaka kadhaa Élisabethville ulifanana zaidi na miji ya kusini kuliko miji ya Kongo: Kiingereza kilisikika mitaani na paundi zilipokelewa madukani.

Nyumba za mwanzo zilikuwa za mabati na mbao. Matofali yalifuata upesi, maana Katanga ina vichuguu vikubwa vya mchwa, na udongo wake mnato ukichomwa hutoa tofali gumu jekundu. Rangi hiyo ndiyo inayomlaki mgeni mbele ya Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, lililojengwa karibu mwaka 1920. Mwenye kanisa, kwa maana ya mwenye sauti, alikuwa Jean-Félix de Hemptinne, mtawa Mbenediktini aliyefika Katanga mwaka 1910 na kuliongoza Kanisa Katoliki huko hadi alipofariki mwaka 1958. Alikuwa na ndevu ndefu nyeupe na msimamo mkali wa kuutetea ukoloni. Uswahiba wake na serikali na kampuni ya madini, Union Minière, haukuwa siri. Wakazi Waafrika walinong'ona kwamba alikuwa wa ukoo wa mfalme Leopold II. Uvumi huo hauna ushahidi, ila unaonyesha jinsi watu walivyoiona mamlaka: kanisa na taji vilikuwa nyumba moja.

Si mbali na hapo kuna sinagogi, iliyobuniwa na msanifu Mbelgiji Raymond Cloquet na kukamilika mwaka 1930. Jumuiya ya Wayahudi ilikwisha kuundwa mwaka 1911, lakini iliongezeka hasa kwa wahamiaji kutoka kisiwa cha Rhodes, wafanyabiashara waliozungumza Kihispania cha kale cha Wayahudi. Wajerumani walipowakamata Wayahudi wa Rhodes mwezi Julai 1944 na kuwapeleka Auschwitz, watu takriban 1,700, walionusurika walikuwa wapatao 150 tu. Kwa hiyo jumuiya ya Élisabethville, iliyoanza kama tawi la mbali, ikawa moja ya mahali pachache ambapo desturi za kisiwa hicho ziliendelea. Rabi Moïse Levy aliihudumia tangu mwaka 1937 kwa zaidi ya miaka hamsini. Waumini walipungua baada ya uhuru, na zaidi baada ya mwaka 1973, rais Mobutu alipoamuru biashara za wageni zipewe Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo. Jengo limebaki, kubwa kuliko mahitaji ya waliosalia.

Uzuri wa majengo haya hauelezeki bila kueleza nani aliyezuiwa kuyafikia. Sehemu hii ilikuwa mji wa Wazungu. Waafrika waliishi upande wa pili wa eneo lililoachwa wazi kwa makusudi, katika mtaa ulioitwa Albert, ambao leo ni Kamalondo, na baadaye Kenya, Katuba na Ruashi. Wafanyakazi wa migodi waliwekwa katika kambi za Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Usiku Mwafrika hakuruhusiwa kutembea mjini bila kibali. Wapishi na maboi walioingia asubuhi na kutoka jioni waliujua mji huo kutoka jikoni. Hofu ya usiku ilizaa habari za batumbula, watekaji waliosemekana kutumwa na Wazungu kuwakamata watu gizani, ndugu wa mumiani wanaosimuliwa pwani. Mwaka 1965 chama cha watumishi hao wa zamani kilitoa historia ya mji kwa Kiswahili cha Katanga, iliyoandaliwa na André Yav. Ni kitabu kidogo kilichopigwa taipu, na kwa kuuelewa mji huu kina thamani kuliko albamu nyingi za picha za ukoloni.

Magharibi ya katikati ya mji inasimama alama inayojulikana kuliko kanisa lolote: dohani ya kiwanda cha kuyeyusha shaba, yenye kimo cha mita 153, na ubavuni mwake kilima cheusi cha mabaki ya tanuri. Shaba ya kwanza ilimiminwa hapo mwaka 1911. Pepo za kiangazi katika Katanga huvuma kutoka kusini mashariki, hivyo kwa miezi mingi moshi ulisukumwa mbali na nyumba za mabwana. Kilima kilikua kwa miongo, kikidhaniwa kuwa taka. Kumbe kilijaa kobalti, shaba na zinki ambazo tanuri za zamani hazikuweza kuzitenganisha, na tangu mwanzo wa miaka ya 2000 kimekuwa kikichimbwa upya.

Jengo lenye mambo mengi zaidi, hata hivyo, ni ukumbi wa michezo ya kuigiza. Bei ya shaba ilipopanda baada ya Vita Kuu ya Pili, mji ulipata fedha za kujionyesha. Msanifu Claude Strebelle na ofisi yake iliyoitwa Yenga walibuni ukumbi wa kisasa wa zege, uliokamilika mwaka 1956, na jumba la makumbusho jirani yake. Ulikusudiwa kuwapa Wazungu wa Katanga maigizo na muziki kama wa Brussels. Hawakuufaidi muda mrefu. Mwaka 1957 ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa manispaa, miaka mitatu baadaye Kongo ikawa huru, na tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, akatangaza kuitenga na Kongo. Katikati ya mji ikawa uwanja wa vita kati ya askari wake na wa Umoja wa Mataifa. Septemba 1961 askari wa India waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa waliivamia Posta Kuu na kituo cha redio, maana aliyezishika simu na redio aliushika mji. Desemba Waairishi wa jeshi hilohilo walipigania njia inayopita chini ya reli. Katanga ilirudishwa Kongo Januari 1963, na mwaka 1966 Élisabethville ukaitwa Lubumbashi.

Ukumbi wa Strebelle ulibadilishwa jina ukaitwa Jengo la 30 Juni, kwa tarehe ya uhuru, na jukwaa lake likawa la wabunge wa mkoa. Makumbusho nayo yakaendelea kutunza vyungu vya makaburi ya kale ya Sanga na misalaba ya shaba, ile iliyotumika kama fedha karne nyingi kabla ya Union Minière. Mbele ya posta sasa ipo sanamu ya Tshombe, kwa wengine mwasi, kwa wengi wa Katanga shujaa.

Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967 na kuzaa Gécamines, ambayo ilidhoofika vibaya katika miaka ya 1990. Dohani na kilima vikahamia katika sanaa. Mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu alikwisha kuchora historia ya nchi kwa mamia ya picha katika miaka ya 1970, akiziuza kwa watu wa kawaida wa mjini waliozitundika sebuleni na kwa mtafiti Johannes Fabian. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alipachika picha za zamani za vibarua wa migodi juu ya picha zake mwenyewe za viwanda vilivyochakaa. Yeye ni miongoni mwa waanzilishi wa maonyesho ya Picha, yanayofanyika mjini humo tangu mwaka 2008, na makumbusho yaliyojengwa na Yenga yamekuwa miongoni mwa kumbi zake.