Mimbari na Posho ya Liwali: Ushuhuda wa Kikristo katika Nairobi ya Dini Nyingi

Julai 2025 gazeti la Daily Nation lilifichua mpango wa kujenga kanisa ndani ya Ikulu ya Nairobi: jengo la kukaa watu 8,000, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa shilingi bilioni 1.2. Rais William Ruto hakukana. Alisema pesa ni zake mwenyewe, tena kwamba alipoingia Ikulu alikuta kanisa la mabati, hivyo si yeye aliyelianzisha. Agosti Mahakama Kuu ikasimamisha ujenzi kwa amri ya muda, baada ya mashirika ya kiraia kwenda kortini. Katika kelele zile zote, swali lililotawala lilikuwa nani analipa. Ni swali zuri kwa mkaguzi wa hesabu. Mkristo ana lake la kujiuliza: je, imani yake inahitaji kiwanja cha dola? Nashikilia kwamba haihitaji, na kwamba katika jiji hili hakuna kinachodhoofisha ushuhuda wa Kikristo kuliko upendeleo.

Wahubiri wetu wengi wameazima hofu ya Ulaya. Huonya juu ya usekula kana kwamba makanisa yatafungwa kesho. Sensa ya 2019 haikubaliani nao: Wakristo walikuwa asilimia 85.5 ya Wakenya, Waislamu 10.9, na wasio na dini 755,750, yaani asilimia 1.6. Anayebisha ajaribu kutafuta pa kuegesha gari Valley Road Jumapili asubuhi. Katiba ya 2010 inasema katika kifungu cha 8 kwamba hakutakuwa na dini ya taifa, lakini dibaji yake inakiri ukuu wa Mwenyezi Mungu, na kifungu cha 32 kinampa kila mtu haki ya kuidhihirisha imani yake, faraghani au hadharani, peke yake au pamoja na wenzake. Dola ya namna hii haijamfukuza Mungu barabarani. Inachokataa ni kumkabidhi jirani mmoja funguo za nyumba ya wote.

Na majirani ni wengi. Penye makutano ya University Way na Uhuru Highway pana sinagogi. Karibu yake ni St. Andrew's ya Wapresbiteri na kanisa la Mtakatifu Paulo la chuo kikuu. Katikati ya mji Msikiti wa Jamia. Bustani ya Jeevanjee, ambako wahubiri wa saa saba mchana hupaza sauti mbele ya makarani waliotoka kazini kupumzika, ilianzishwa 1906 na Alibhai Mulla Jeevanjee, Mwislamu wa Kibohora kutoka Karachi. Injili inayohubiriwa pale inasimama juu ya ukarimu wa Mwislamu, na sijapata kumsikia mhubiri akilitaja hilo. Huko Westlands, Septemba 2013, shambulio la Westgate lilipoua watu 67, ukumbi wa jamii ya Oshwal, ambao ni Wajaini, ndio uliogeuzwa kituo cha kuwapokea manusura na jamaa zao.

Mwaka 1990, mbele ya Baraza la Makanisa ya Afrika Yote, lenye makao yake Westlands, Jesse Mugambi wa Chuo Kikuu cha Nairobi alitoa hoja kwamba theolojia ya Afrika itoke kwenye ukombozi iingie kwenye ujenzi mpya, na Nehemia ashike nafasi aliyokuwa nayo Musa. Pendekezo hilo limezaa maandishi mengi. Wakosoaji wamelionyesha doa lake: Nehemia mjenzi wa ukuta ndiye pia aliyewafungia wageni nje, na mji wa dini nyingi hauwezi kujengwa kwa mfano huo bila kuuchuja. Nakubaliana nao. Lakini sura ya tano ya kitabu cha Nehemia haijasomwa vya kutosha. Humo Nehemia, liwali aliyeteuliwa na mfalme, anaeleza kwamba kwa miaka 12 hakula posho ya liwali, ingawa ilikuwa haki yake, kwa sababu watu walikuwa wameelemewa. Hapo ndipo pa kuanzia siasa ya Kikristo mjini Nairobi: kujinyima kilicho halali mtu anapoona kinamlemea jirani. Kanisa la Ikulu, hata lingejengwa kwa pesa safi kabisa, linashindwa kwa kipimo hicho. Mwislamu, Mhindu na asiyeamini hulipa kodi ya kuitunza Ikulu ile ile.

Makanisa yenyewe yaliwahi kuteleza. Katika kura ya maamuzi ya Agosti 4, 2010, viongozi wengi wa kanisa waliipinga rasimu ya katiba kwa sababu ya kifungu cha uhai na uavyaji mimba, na kwa sababu ya Mahakama za Kadhi. Hoja ya kwanza ilikuwa ya dhamiri na ilistahili heshima. Ya pili ilikuwa dhaifu. Mahakama hizo zilikuwa ndani ya katiba ya uhuru tangu 1963, matokeo ya makubaliano na Zanzibar kuhusu ukanda wa pwani, na huamua mambo ya ndoa, talaka na urithi baina ya Waislamu waliokubali kwenda huko. Mkristo wa Lavington hakupungukiwa na chochote. Rasimu ilipita kwa takriban asilimia 67, maana yake mamilioni ya Wakristo waliipigia kura kinyume cha maaskofu na wachungaji wao.

Wapo watakaosema kwamba Mkristo akikataa upendeleo atakuwa ameirudisha imani chumbani. Historia ya All Saints inawajibu. Machi 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipopigwa na polisi Uhuru Park, pamoja na Wangari Maathai, walikimbilia katika kanisa hilo kuu la Kianglikana lililo jirani, wakakaa karibu mwaka mzima wakidai wana wao waachiliwe. Hakuna aliyeulizwa ni wa dhehebu gani. Kanisa lililowahifadhi halikuwa na fadhila ya serikali hata chembe, na sijui kipindi ambacho neno lake lilisikika mbali zaidi. Imani kuonekana hadharani na imani kulelewa na dola ni mambo mawili, na la pili huliua la kwanza polepole.

Dalili njema zipo. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwazuia wanasiasa kuhutubia ibadani katika makanisa ya Kianglikana. Novemba 2024, siku chache baada ya maaskofu wa Katoliki kuikemea serikali kwa kusema uongo, Rais alitoa mchango katika parokia ya Soweto, Kayole; Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza pesa zirudishwe. Ni tendo la uinjilisti zaidi kuliko mikutano mingi ya hadhara niliyowahi kuhudhuria.

Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, na bahasha zimekwisha kuanza kutembea. Sinodi, mabaraza ya wazee na kamati za parokia, kuanzia Karen hadi Kangemi, ziandike sasa kanuni mbili na kuzibandika mlangoni: mwanasiasa haketishwi mbele wala hapewi kipaza sauti, na kila mchango wa mwenye cheo cha umma utatangazwa kiasi chake au urudishwe.