Friji na Birika za Rangi: Angalia Umeme Kabla ya Rangi

Vyombo vya jikoni vyenye sura ya miaka ya 1950, yaani friji za pembe za mviringo, mashine za kuchanganyia unga, birika na tosta nyekundu, krimu au samawati, huuzwa kwa bei ya juu kuliko vyeupe vinavyofanya kazi ileile. Tofauti hiyo ndiyo inayowavutia waagizaji, na ndiyo inayoweza kufunga mtaji wao ghalani.

Mtindo wenyewe si mgeni. KitchenAid ya Marekani ilianza kuuza mashine za rangi mwaka 1955. Smeg ya Italia ilitoa friji yake ya FAB28 mwaka 1997, na viwanda vingine vikaiga umbo hilo.

La kwanza kuangalia ni umeme. Afrika Mashariki na Kongo hutumia volti 220 hadi 240, hezi 50. Vyombo vya soko la Marekani ni vya volti 120, hezi 60. Transfoma hushusha volti lakini haibadilishi hezi, kwa hiyo mota ya friji huzunguka kwa kasi isiyo yake. Bei nafuu ya mzigo wa namna hiyo ni nafuu ya siku ya kununua tu.

Plagi nayo hubadilika mpakani. Kenya, Tanzania na Uganda hutumia pini tatu bapa. Rwanda, Burundi na Kongo hutumia pini za mviringo. Anayepeleka mzigo Bujumbura au Bukavu kupitia Dar es Salaam aagize waya unaofaa tangu kiwandani.

Forodha haiulizi rangi. Friji huingia kifungu cha 8418, mashine za kuchanganyia 8509, birika na tosta 8516. Kinachouliziwa ni cheti cha ubora na hali ya chombo: Uganda, kwa mfano, ilipiga marufuku friji kuukuu mwaka 2009.

Kwa wasafirishaji, friji isimame wima njia nzima. Ikilazwa, oili ya kompresa huingia kwenye mabomba, na ikiwashwa papo hapo kompresa huweza kufa. Ikibidi kulazwa, isimamishwe kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa, hata siku nzima. Friji nyingi mpya zina gesi ya R600a, ambayo hushika moto, hivyo bomba likipasuka cheche zikae mbali.

Rangi huja mwisho, lakini si jambo dogo. Mlango mweupe uliokwaruzwa fundi yeyote hupata rangi yake. Wa samawati ya kiwandani ni kazi nyingine. Baadhi ya friji hizi, FAB28 ikiwemo, bawaba zake hazihamishiki, kwa hiyo mteja aulizwe mlango ufungukie kulia au kushoto kabla ya oda kutumwa. Asiyejua soko lake aanze na birika na tosta: hazichukui nafasi kwenye kontena, na zikichelewa kuuzika hasara yake hubebeka.