Mwanamke na Upondo

Kila mtoto aliyelelewa kando ya hori la Mida au mkono wa bahari wa Kilifi aujua upondo. Ni mti mrefu ulionyoka, ambao mvuvi huushindilia chini penye maji machache ili mtumbwi wake usonge mbele. Nguvu ya mkono huingia katika mti, mti hukataa kuzama, na chombo huenda. Katika nchi ya Uholanzi, jimboni Friesland, watu waliutumia mti wa namna hiyo kwa kazi nyingine: waliuchomeka katikati ya mfereji, wakajining'iniza, wakatua ng'ambo ya pili miguu mikavu. Wao walitaka kwenda mbali. Wanamichezo wa Ulaya wa karne ya 19 walitaka kwenda juu, na mchezo wao ndio uitwao kuruka kwa upondo.

Namna yake ni hii. Mrukaji hukimbia kwa kasi ameushika upondo kwa mikono miwili, kisha huichomeka ncha yake katika kisanduku kilichofukiwa ardhini. Upondo hupindika kama upinde, halafu hujinyosha, na katika kujinyosha humrusha mtu juu, miguu ikitangulia, hata aupite ufito uliolazwa juu ya nguzo mbili bila kuuangusha. Zamani upondo ulikuwa wa mwanzi. Tangu miaka ya 1960 hufanywa kwa nyuzi za kioo, nao hupindika sana bila kuvunjika. Nguvu ya mabega yatakiwa, ndiyo, lakini mbio za miguu ndizo zilipazo sehemu kubwa ya gharama. Neno hili msomaji na alikumbuke, maana ndilo lililosahauliwa na wakubwa wa michezo kwa muda mrefu.

Wanaume walishindana kwa upondo huko Athens mwaka 1896, katika Michezo ya Olimpiki ya kwanza ya zama zetu. Wanawake walingoja miaka 104. Ilisemwa kwamba mabega ya mwanamke hayana nguvu ya kujiinua. Hoja ya namna hii haikuwa ngeni. Mwaka 1928, mjini Amsterdam, wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuingia katika riadha za Olimpiki, wakakimbia mita 800, na Lina Radke wa Ujerumani akashinda. Baadhi ya wakimbiaji walionekana wamechoka mwisho wa mbio, kama achokavyo kila mtu aliyekimbia kwa bidii. Magazeti yakaandika kana kwamba wamekaribia kufa, na mbio hizo zikafutwa kwa wanawake hadi mwaka 1960. Mwanamume aliyejitupa chini baada ya mbio alipigiwa makofi. Mwanamke aliyefanya vivyo hivyo alitungiwa sheria.

Sasa tumtazame mmoja wa waliovunja kizuizi cha upondo. Stacy Dragila alizaliwa tarehe 25 Machi 1971, akakulia Auburn katika jimbo la California, Marekani. Katika ujana wake alishiriki michezo ya wachungaji wa farasi, na ustadi wake ulikuwa kumfunga mbuzi kamba. (Wenzetu wa bara ya Kilifi, ambao mbuzi si mgeni kwao, watakubali kwamba hiyo si kazi ya mtu dhaifu wa mabega.) Akaenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Idaho, akawa mshindani wa michezo saba: kukimbia, kuruka na kutupa. Mwalimu wake, Dave Nielsen, ndiye aliyemshauri aushike upondo, wakati ambapo mchezo huo haukuwa na tuzo kubwa yoyote kwa mwanamke. Alijifunza jambo lisilokuwa na soko, na mimi naona huo ndio ushujaa wake mkubwa kuliko medali.

Soko lilikuja baadaye. Mwaka 1997, huko Paris, wanawake waliruka kwa mara ya kwanza katika mashindano ya dunia ya ukumbini, na Dragila akashinda kwa mita 4.40. Wakati huo Emma George wa Australia, aliyepata kufanya michezo ya sarakasi, alikuwa akiipandisha rekodi ya dunia mara kwa mara, hata akafika mita 4.60 mapema mwaka 1999. Mwezi wa Agosti mwaka huo, mjini Seville, Dragila aliifikia rekodi hiyo akawa bingwa wa dunia.

Usiku wa tarehe 25 Septemba 2000, uwanja wa Sydney ulijaa watu zaidi ya 110,000. Wengi walikuja kumtazama Cathy Freeman akikimbia mita 400; nasi wa Kenya twaukumbuka usiku huo kwa mbio za mita 10,000, ambapo Paul Tergat alishindwa na Haile Gebrselassie wa Ethiopia kwa tofauti ya sekunde 0.09. Kati ya makelele hayo Dragila aliruka mita 4.60. Tatiana Grigorieva, aliyeshindania Australia, aliishia 4.55. Dragila, mwenye umri wa miaka 29, akawa mwanamke wa kwanza kuwa bingwa wa Olimpiki kwa upondo. Mwezi Juni 2001 aliifikisha rekodi ya dunia mita 4.81.

Kisha akaja binti wa Kirusi, Yelena Isinbayeva, aliyeacha sarakasi za viungo kwa sababu ya urefu wake. Mwaka 2004 Dragila aliruka mita 4.83, kipimo kirefu kuliko vyote alivyowahi kufikia, lakini huko Athens hakufika hata fainali. Isinbayeva alishinda kwa 4.91. Mwaka uliofuata Mrusi huyo akavuka mita 5. Dragila aliacha mashindano mwaka 2009.

Kenya haikupeleka mwanamke katika Olimpiki mpaka mwaka 1968, walipokwenda Mexico Lydia Stephens, Tecla Chemabwai na Elizabeth Chesire. Medali ya kwanza ya mwanamke wa Kenya ililetwa na Pauline Konga mwaka 1996. Tarehe 18 Agosti 2008, mjini Beijing, Isinbayeva aliruka mita 5.05 kwa upondo wake. Siku iyo hiyo, katika uwanja uo huo, Pamela Jelimo, msichana wa miaka 18, aliipatia Kenya dhahabu ya kwanza ya Olimpiki iliyoshindwa na mwanamke. Alikimbia mita 800, kwa dakika 1 na sekunde 54.87.